Sahani ya mama mwenye mimba: kutoka majani ya koko mpaka kidonge cha feri

Tukisema neno desturi, watu wengi wanawaza ngoma, mahari, majina ya watoto na mazishi. Ni kweli, hayo yote ni desturi. Lakini iko desturi nyingine ambayo watu hawaiandike sana, juu iko inaishi ndani ya chungu: namna mama mwenye mimba anakula, nani anamgawia, nani anamkataza. Kwetu huku Kanyaruchinya, teritware ya Nyiragongo, chefferie ya Bukumu, maneno hayo hayajifunziwe ku masomo. Yanatoka mu kinywa cha mama mkwe na kuingia mu sikio la bibi ya mtoto wake. Mimi ni mwalimu wa historia, si munganga. Kwa hiyo nitasimulia njia ambayo jambo hili lilipitia, na pale nitakapogusa mambo ya dawa nitasema tu yale ambayo wataalamu wamekwisha kuyahakikisha.

Tuanze na udongo wenyewe. Sisi tunaishi ku miguu ya volkano. Udongo wetu ni mzuri, maharagwe yanazaa, mahindi yanazaa, lakini hakuna mto. Mvua ikinyesha, maji inapotea kati ya mawe. Tangu zamani mama wa hapa anatembea mbali kutafuta maji, na anabeba kuni au makala mgongoni hata kama tumbo iko ya miezi saba. Hii si maneno ya pembeni. Mwili wa mama mwenye mimba unaongeza damu karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo mbele, na mu miezi ya mwisho anahitaji chakula zaidi kuliko kila siku. Yule mama anayepanda mlima na bido la litre ishirini anatumia kwanza nguvu ku njia, na mtoto tumboni anapata ile iliyobaki.

Halafu tuulize: chakula cha asili yetu ni kipi? Hapa vijana wangu mu darasa wanashangaa kila mwaka. Maharagwe, mahindi, muhogo, viazi, vyote hivyo vilitoka Amerika, vikaja Afrika nyuma ya safari za Wareno, vikafika huku kwetu kidogo kidogo. Mtama na ulezi ndio wazee wa kweli wa mashamba yetu. Hata sambaza, ambazo kila mtu wa Goma anaziona kama zawadi ya ziwa Kivu tangu uumbaji, Wabeleji walizileta kutoka ziwa Tanganyika mu miaka ya 1958 mpaka 1960. Koko wa koko yetu hakuonja sambaza hata siku moja. Chumvi nayo ilitoka mbali, wafanyabiashara waliileta kutoka Katwe, upande wa Uganda, na ilipita ku mitumbwi ya ziwa Edouard. Ninasema hivi sababu kuna watu wanaokataa kitu kipya kwa kusema «si desturi yetu», na wakati wanasema hivyo wako wanakula bugali ya muhogo.

Sasa, wazee walimpa mama nini? Ukiuliza wamama wenye umri mkubwa, watakuambia haraka sana juu ya mzazi, ni kusema mama aliyekwisha kuzaa. Huyo anatengenezewa uji wa mtama, anapewa mutobe, supu, nyama kama iko, na wanawake wa familia wanakuja kumsaidia kazi. Iko desturi nzuri, na ninaiheshimu. Lakini ukiuliza juu ya ile miezi tisa ya mbele, jibu linakuwa fupi: alikula kama wengine. Na mara nyingi alikula nyuma ya wengine, kisha baba na watoto kumaliza. Ndiyo shimo kubwa ambalo ninaliona mu desturi yetu: ilimlisha mzazi, haikumlisha mwenye mimba.

Tena kulikuwa miiko. Mu familia nyingi za huku, na upande wa Rwanda pia, nyama ya mbuzi ilikatazwa kwa wanawake. Walisema itawaotesha ndevu. Mayai yalikatazwa kwa mwenye mimba mu sehemu nyingi za Kongo na za Afrika ya mashariki, kila kabila na sababu yake: mtoto atakosa nywele, mtoto atakuwa mwizi. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wa la cinquième kazi ya kuuliza nyumbani ni chakula gani mwenye mimba hapaswi kula. Walirudi na orodha ndefu kuliko somo lenyewe. Tulipoitazama vizuri, msichana mmoja akasema: «Mwalimu, vyote ambavyo vinakatazwa ni vile ambavyo baba anapenda.» Darasa lilicheka sana. Lakini ukitafakari, yai, nyama na kuku ndivyo vyakula ambavyo feri yake, yaani madini ya chuma, inaingia mu damu kwa urahisi, au ambavyo protini yake ni kamili. Sikubali kwamba wazee walikuwa wabaya. Vitu hivyo vilikuwa vichache, na mwiko ulikuwa njia ya kugawa kichache bila ugomvi. Tu, ni mama ndiye aliyelipa.

Na iko pemba, ule udongo mweupe ambao wanauuza ku soko, karibu na chumvi na pilipili. Wamama wenye mimba wanautafuna juu ya kichefuchefu na juu ya hamu. Si hapa tu: Waganda wana emumbwa yao, Wajaluo wa Kenya wana odowa. Wengine wanasema mwili unatafuta madini ambayo umekosa. Inawezekana hamu hiyo inafuatana na kukosa damu, wataalamu wameiona mara nyingi. Lakini udongo haurudishe damu. Unaweza kuishika ile feri ya chakula ndani ya tumbo na kuizuia isipite, na mara nyingine unabeba risasi na mayai ya minyoo. Basi mama anayekula pemba juu anajisikia mlegevu anaweza kuzidi kulegea.

Upande mwingine, majani. Lengalenga, matembele, majani ya maharagwe, majani ya boga, sombe. Hapa ndipo koko walikuwa mbele ya madaktari, bila kujua kitabu. Mnamo mwaka 1928 munganga mmoja mwanamke wa Uingereza, Lucy Wills, alikwenda Uhindi kuchunguza ugonjwa wa kukosa damu uliokuwa unaua wanawake wenye mimba mu Bombay, zaidi wafanyakazi masikini wa viwanda vya nguo. Alijaribu vyakula mbalimbali, na mwaka 1931 akatangaza kwamba Marmite, ile dawa ya kupaka mkate inayotoka mu chachu ya pombe, inaponya. Hakujua ni kitu gani ndani yake. Miaka kumi nyuma, mu 1941, wanasayansi wa Marekani walikitoa kile kitu mu majani ya spinachi, wakakiita asidi foliki, jina linalotoka ku neno la Kilatini folium, maana yake jani. Ndiyo kusema kile kidonge ambacho munganga anamtolea mama ku CPN kinaitwa, ukitafsiri vizuri, dawa ya majani.

Hapa ninaomba msomaji asimame kidogo. Asidi foliki ina kazi mbili. Moja ni damu. Nyingine ni uti wa mgongo wa mtoto: ule mfereji ambao unakuwa ubongo na uti wa mgongo unajifunga mu siku 28 za kwanza, wakati mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 1991 Uingereza ulionyesha kwamba kwa wamama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kilema hicho, asidi foliki iliyoanzwa mbele ya mimba ilikinga karibu watoto watatu juu ya wanne. Sasa kwetu mama anakwenda CPN ya kwanza lini? Wengi wanangoja mwezi wa ine, wa tano, juu hawapendi mimba ijulikane mapema, kuna macho mabaya. Kidonge kinafika wakati mfereji umekwisha kufungika zamani. Kile ambacho kinaweza kufika mbele ya munganga ni jani mu sahani ya msichana na ya mke, kila siku. Lakini tena jani hilo lisichemshwe mpaka likufe: asidi foliki inapotea mu moto mrefu na mu maji yanayomwagwa. Lengalenga inaiva haraka, ni afadhali hapo. Sombe yenyewe haina uchaguzi. Ni lazima kutwanga na kuchemsha muda mrefu, juu ina sumu.

Na sumu ile inatupeleka ku kisiwa Idjwi, mbele yetu tu, mu ziwa Kivu. Nafikiri hii ndiyo sehemu ya historia ambayo watoto wetu wangepaswa kuijua, sababu dunia nzima ilijifunza ku Idjwi, na sisi wa karibu hatuisimulie. Mu miaka ya 1960 waganga Wabeleji, kati yao François Delange, Claude Thilly na André-Marie Ermans, walifanya kazi ku kisiwa hicho, karibu na kituo cha utafiti cha Lwiro. Kule watu wengi walikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, na watoto wengine walizaliwa viziwi, wafupi, wenye akili nzito. Kila mtu alijua sababu: kukosa iyodi. Lakini waliona jambo la kushangaza. Kaskazini ya kisiwa rovu lilikuwa jingi sana, na kusini-magharibi lilikuwa kidogo, hata kama iyodi ilikosekana pande zote mbili. Kwa nini? Walitafuta mpaka wakafika ku chungu: muhogo. Muhogo usiotengenezwa vizuri unaacha sianidi, mwili unaigeuza kuwa tiosianati, na hiyo inaizuia shingo kukamata ile iyodi kidogo iliyopo.

Timu hiyo iliendelea nyuma yake mu Ubangi, kaskazini-magharibi ya Zaire wa wakati ule, ambako muhogo ndio chakula cha kila siku. Mu miaka ya 1970 walianza kuwapiga wamama wenye mimba sindano moja ya mafuta yenye iyodi, na watoto wao wakafuatiliwa. Matokeo yalikuwa mazuri: watoto wa wale wamama walizaliwa na kilo zaidi, na walikufa kidogo kuliko wa wengine mu mwaka wa kwanza. Basi, tukisema nyongeza ya kulisha mimba ni kitu cha ONG kilichokuja na vita, tunasahau kwamba mu nchi yetu wenyewe ilijaribiwa na kuhakikishwa kiisha miaka hamsini hivi. Leo iyodi inapita mu chumvi, tangu miaka ya 1990. Jambo ambalo mama hatambue: chumvi ile ikikaa bila kifuniko ku meza ya soko, mu jua na mu unyevu, iyodi inapungua. Na ikitiwa mwisho wa kupika, inabaki zaidi.

Vita, tutaipita haraka, kila mtu wa hapa ameiishi. Mu Julai 1994 zaidi ya watu laki nane walivuka kutoka Rwanda mu siku chache, na sehemu kubwa ilipanda barabara hii ya Rutshuru, ikapita mbele ya nyumba zetu kwenda Kibumba. Ndipo wamama wa hapa waliona kwa wingi ule unga wa manjano wa PAM, mahindi na soja pamoja, wenye vitamini na madini yaliyotiwa mu kiwanda. Mwaka 2012 Kanyaruchinya yenyewe ikawa kambi, na ikatawanyika mu Novemba wakati vita ilifika na Goma ikaanguka tarehe 20. Mei 2021 volkano ilishuka tena na kukata barabara. Kisha 2022, kisha Rutshuru kuanguka, watu wakajaa hapa kuliko 2012, mpaka mwanzo wa 2025, wakati M23 ilikamata Goma na kambi zikafungwa mu majuma machache.

Mu miaka hiyo wamama walijifunza maneno mapya: UNS, PB, plumpy. Mama mwenye mimba anapimwa mkono na utepe. Kama hauzidi sentimita 23, anaandikwa na anapewa unga au sase. Watu wa ONG walilalamika kila mara kwamba mama hakuli peke yake, anawagawia watoto. Waliita jambo hilo kosa, wakafanya mafundisho juu yake. Mimi siwezi kukubali kuliita kosa. Mama wa hapa hawezi kukaa mbele ya watoto watano na kunywa uji peke yake. Hata wewe msomaji ungemwona ni mchawi. Kidonge ndicho kina faida hapa: hakigawanyike. Hakuna mtoto anayelilia kidonge cha feri. Lakini kidonge hakishibishe, hakina kilo. Ndiyo sababu mtu asinidanganye kwamba tutachagua kimoja kati ya hivi viwili.

Na kidonge nacho kina historia yake ya mashaka. OMS inashauri miligramu 30 mpaka 60 za feri na mikrogramu 400 za asidi foliki, kila siku, mimba yote. Ku uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014, wanawake 38 juu ya 100 mu nchi yetu walikuwa na upungufu wa damu. Wamama wanavipokea vidonge, wanavitia mu mfuko, na wengine hawavimezi. Ukiwauliza kwa upole watakuambia: vinaleta kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, na zaidi ya yote, vinamkuza mtoto, utapasuliwa. Choo cheusi ni feri ambayo haikuingia, si hatari. Kichefuchefu kinapungua ukimeza usiku. Woga wa kupasuliwa ndio mzito, na haukatike kwa kumcheka mama. Anaishi mbali na chumba cha upasuaji, usiku barabara haipitike, ameona jirani yake akifa. Yeye anahesabu kama mtu mwenye akili. Hesabu yake tu inakosa upande mmoja: vidonge hivi havifanyi jitu, vinapunguza watoto wanaozaliwa chini ya kilo mbili na nusu, na hao wadogo ndio wanaokufa zaidi.

Kuna pia kidonge kingine. Mwaka 1999 UNICEF, OMS na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walipatana juu ya kidonge kimoja chenye vitamini na madini 15, feri, asidi foliki na iyodi zikiwa ndani. Jirani zetu Watanzania walikuwa wamekwisha kuanza majaribio yao: Dar es Salaam, Profesa Wafaie Fawzi na waganga wa Muhimbili walitangaza mwaka 1998 matokeo juu ya wamama 1.075 wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2007 juu ya wamama 8.468 wasio na virusi. Mu kundi hili la pili, wote walipata feri na asidi foliki; nusu wakaongezewa vitamini nyingi. Watoto wenye kilo pungufu walishuka kutoka 9,4 ku 100 mpaka 7,8. Mtu atasema ni kidogo. Kwa mtu mmoja ndiyo, ni kidogo. Ku zone de santé nzima, hesabu mwenyewe ni vitanda vingapi. Mu 2021 OMS ilitia kidonge hicho mu orodha ya dawa za lazima. Lakini dawa kuwa ku orodha na kuwa ku kabati ya centre de santé ni mambo mawili, na mwaka 2025, wakati Marekani ilikata sehemu kubwa ya msaada wake wa nje, tulikumbuka hiyo.

Jambo moja dogo kwa wanaonunua dawa kwao wenyewe ku duka: asidi foliki inauzwa pia mu vidonge vya miligramu 5, ni mara kumi na zaidi ya kipimo cha mimba. Kile kikubwa kinaharibu kazi ya Fansidar ambayo mama anapewa juu ya malaria. Mama amuonyeshe munganga kibweta.

Mwisho niseme juu ya maharagwe, kwani hapa ndipo ninaona shamba na kidonge vinapatana. Ku kituo cha INERA cha Mulungu, Kivu ya kusini, watafiti pamoja na HarvestPlus walichagua mbegu za maharagwe zenye feri nyingi kuliko za kawaida, na tangu miaka ya 2010 wakulima wa Kivu walianza kuzipanda. Kati yake kuna za kupanda ku miti, zile ambazo shamba dogo la Nyiragongo linazipenda. Mtu hatambue tofauti ku macho, ladha ni ya maharagwe tu, hakuna mwiko unaoyakataza, na mtoto akigawiwa hakuna hasara. Wamama waliorudi ku mashamba nyuma ya kambi wanatafuta mbegu. Mbegu nyingi ziliwahi kuliwa wakati wa njaa, ni kawaida. Anayekuwa nazo, kikombe kimoja kinatosha kuanza mstari pembeni ya nyumba. Zikishaiva, mama azile na lengalenga iliyoiva haraka na kipande cha chungwa au marakuja, sababu vitamini ya tunda inaivuta feri. Sambaza zikaushwe, zitwangwe na mifupa, zitiwe mu mchuzi. Chai ingoje saa moja au mbili, juu inaifunga feri ndani ya tumbo. Na kama ni uji wa soja, mahindi na mtama, soja ikaangwe mbele ya kusagwa. Ikiwa mbichi, tumbo linashindwa kuivunja, na mama atasema tena ni unga wa wazungu ndio mbaya.